Aya ya Kumi na Nne

Mwaya, Kyela
19 Machi 2023

Mdogo wangu Andendekisye,

Ugonile? Sisi tumeamka salama, tatizo ni mvua. Leo ni siku ya sita haijakatika. Barabara ya kwenda Ipinda ni tope tupu, migomba mitatu imelala nyuma ya jiko, na kokoa inaoza ikiwa bado mtini. Mpunga ndio unaofurahi. Mama mdogo Yunis goti bado linamsumbua, lakini hasikii la mtu. Jumatano alikuja na mtumbwi kutoka Ikombe na vyungu vyake, akavishusha mwaloni Kwa Sekela kama kawaida, akauza vyote kabla ya saa sita. Alikuulizia. Nilimwambia watu wa Dodoma wana kazi nyingi.

Najua utacheka kwamba naandika barua wakati simu ninayo. Lakini maneno ya simu hayawekwi kwenye faili, na hili ninalokuandikia linahitaji faili.

Kuna kampuni imekuja, inaitwa Gati Njema. Wanataka kujenga gati hapa kwetu, pamoja na ghala la mpunga na kokoa, kwa huo mpango wenu wa ubia, serikali na watu binafsi. Wao watajenga, wataiendesha miaka ishirini na mitano, kisha waikabidhi. Wanaomba mkutano mkuu wa kijiji uridhie eneo la ufukweni. Wametuachia makaratasi kurasa thelathini na moja, yote Kiingereza. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mradi, maana mwalimu mstaafu hapumzishwi. Kiingereza changu unakijua, ni cha kufundishia watoto majina ya matunda.

Watu wanaitaka gati. Hakuna aliyesahau ule mpunga uliolowa tukingoja lori. Ila Ezra, yule aliyekuwa karani wa mizigo bandarini, anauliza maswali kila kikao, na mimi sina majibu.

Nakutumia nakala. Nitafsirie yote, ukurasa kwa ukurasa, na unieleze sheria inasemaje. Nitakachowasomea watu ni kile utakachoandika wewe.

Nimempa bahasha Godwin wa basi la Mbeya, ataipitisha kwa wenzake.

Dada yako,
Tulinagwe


Dodoma
8 Aprili 2023

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka kwenu nyote. Sisi hatujambo. Wifi yako Veronika ana mafua ya vumbi la huku, na Lusungu amepoteza meno mawili ya mbele, anakataa kupigwa picha. Mwambie mama mdogo Yunis nimemkumbuka sana, apake goti dawa ya moto na apunguze kupanda mitumbwi. Nimehama ofisi mwaka huu, nitakueleza tukionana. Tumia anwani ileile ya nyumbani.

Makaratasi nimeyasoma. Kwa sheria ya ubia ilivyo sasa, mradi kama huu hupita milango mingi: upembuzi yakinifu, kisha kwa kawaida zabuni ya wazi, ili wabia washindanishwe. Lakini kuna marekebisho yanakuja. Yatarahisisha njia kwa kampuni iliyobuni wazo lake yenyewe. Ikitimiza masharti fulani, serikali itaweza kujadiliana nayo moja kwa moja bila kuishindanisha.

Ushauri wangu ni huu: pitisheni muhtasari wenu wa kuridhia mapema, kabla sheria haijabadilika. Mkisubiri, mazungumzo yatafanyika juu ya vichwa vyenu. Mkitangulia, masharti yenu ndiyo yatakayokuwa mezani.

Tafsiri nimeiambatanisha. Nimeweka saini yangu chini ya kila ukurasa ili usipate tabu mbele ya watu. Hakuna cha kuwatia hofu humo. Ardhi inabaki ya umma, vijana watapewa kazi kwanza, ghala litatumika na wakulima wote. Ezra ni mtu wa kuuliza tu, tangu zamani.

Mimi mdogo wako,
Andendekisye


Mwaya
7 Mei 2023

Mdogo wangu,

Ndaga fijo, asante sana. Bahasha yako ilifika imelowa pembeni, lakini maandishi yalikuwa mazima.

Salamu kwanza. Mto Songwe umetoka njiani mwake, watu wa Katumba Songwe wamehamia shuleni na kuku wao. Sisi tumesalimika. Nimeanza kuvuna kokoa kidogo. Mama mdogo anasema dawa ya moto ni yako wewe unayekaa ofisini, yeye ana vyungu vya kuchoma.

Mkutano ulifanyika Alhamisi kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja wengi kuliko siku ya chanjo. Niliwasomea tafsiri yako tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza, Ezra akasimama.

"Mwalimu, nashukuru. Swali langu ni dogo. Mwalo wetu utakuwaje? Boti ya Hezroni inayovuka kwenda Karonga, mitumbwi ya akina mama wa vyungu, itatia wapi?"

"Itatia inapotia siku zote," nikamjibu. "Humu hakuna neno lolote juu ya mwalo."

"Labda hakuna kwenye Kiswahili. Binti yangu Neema anafundisha Kiingereza sekondari, atakuja likizo. Kwa nini tusimpe naye asome? Macho mawili hayatoshi kwa kurasa zote hizo."

Nikaona watu wameanza kugeuziana nyuso. Nikasema, na sauti yangu ilipanda: "Ezra, aliyetafsiri ni mwanasheria. Ni mdogo wangu, tumbo moja, nimemlea mimi tangu mama alipofariki. Unamtilia shaka yeye au unanitilia shaka mimi?"

Watu wakacheka. Kuna aliyesema nyuma, "Kaa chini, karani." Ezra akakaa. Mikono ikanyooshwa, haikuhitaji hata kuhesabiwa. Muhtasari tuliukabidhi Ijumaa.

Nakueleza ili ujue kwamba neno lako limebeba mkutano mzima. Jioni nilitamani kwenda kwa Ezra kumwomba radhi kwa kile kicheko, sikwenda.

Ofisi yako mpya ni ipi? Hukuitaja.

Dada yako,
Tulinagwe


Mwaya
16 Julai 2023

Andendekisye,

Habari za huko? Huku upepo wa mwera umeanza, ziwa linapiga, na dagaa wa usipa wamekuwa adimu. Tumemaliza kuvuna mpunga. Nimekuwekea gunia, ukipata mtu wa kulichukua.

Barua yangu ya Mei hukuijibu. Kwenye simu tunaongea habari za Lusungu na za goti, nikigusa gati mtandao unakuwa mbaya.

Tumesikia redioni kwamba marekebisho ya sheria ya ubia yamepita Bungeni. Mtangazaji alisema habari za migogoro kuweza kupelekwa kwa wasuluhishi hata nje ya nchi. Watu wananiuliza: gati yetu iko chini ya sheria ya zamani au mpya? Na kama kuna ugomvi, mtu wa Mwaya anakwenda kulalamika wapi?

Nijibu kwa karatasi.

Dada yako,
Tulinagwe


Dodoma
20 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, nimekuwa safarini. Veronika anasalimu. Lusungu ameota meno mapya, makubwa kama ya babu.

Kuhusu sheria: ndiyo, imebadilika. Mkataba bado haujasainiwa, kwa hiyo utafuata utaratibu mpya. Usuluhishi unahusu pande mbili za mkataba, yaani serikali na mbia. Kijiji si upande kwenye mkataba, hivyo hilo lisiwasumbue. Ridhaa yenu mlikwisha kuitoa, na kazi ya kijiji imeishia hapo.

Kitu kimoja. Ile tafsiri niliiandika kwa haraka, kuna makosa ya tahajia yananiaibisha. Nirudishie nakala yenye saini, nitakutumia safi.

Gunia la mpunga litunze.

Andendekisye


Mwaya
16 Juni 2024

Andendekisye,

Hatujambo. Mama mdogo Yunis ni mzima. Mpunga mwaka huu ni mzuri. Salamu zangu zinaishia hapo.

Krismasi hukuja, Pasaka hukuja. Nilidhani ni kazi, na kweli ilikuwa kazi.

Jumatatu iliyopita Gati Njema walikamilisha uzio. Ujenzi tulikuwa tumeuzoea tangu mwaka jana mkataba uliposainiwa, mitambo ikipita, vijana wakipata vibarua, na kila mtu akinishukuru mimi. Jumatano mama mdogo alikuja na mtumbwi kutoka Ikombe. Alikuta nguzo majini na mlinzi juu ya mchanga. Akaambiwa hapa hapashushwi mzigo tena, apeleke kwenye gati, akajiandikishe na kulipia. Akamwambia, "Mwanangu, hivi ni vyungu, mzigo gani?" Mlinzi akasema amri ni amri. Mawimbi yakausukuma mtumbwi kwenye nguzo. Vyungu kumi na viwili vilivunjika, naye akaingia majini hadi kifuani kuvishika vilivyobaki. Mwanamke wa miaka sabini na moja, kwa goti lile.

Nilikwenda pale mwenyewe. Msimamizi wao, Sylvester, ni kijana mstaarabu, alinipa kiti. Nikamwambia kijiji hakikukubali kufunga mwalo. Akafungua faili, akanionyesha aya ya kumi na nne ya kiambatisho cha tatu, Kiingereza, na nyuma yake muhtasari wetu wenye saini yangu. Nikasema tafsiri yetu haina maneno hayo. Akashangaa kweli.

"Lakini mama, hili mwanasheria wetu alisema limeelezwa vizuri kijijini. Ni mtu wa hapa hapa. Andendekisye. Si ndugu yenu?"

Nikamuuliza, "Yuko nanyi tangu lini?"

Akasema, "Mimi nimemkuta."

Nikarudi nyumbani, nikachukua nakala zote mbili, ya Kiingereza na ile yenye saini yako ambayo sikukurudishia, nikapita kwa Ezra. Mwaka mzima sikuwa nimekanyaga kwake. Akamwita Neema, ambaye amekuja likizo. Tukakaa sebuleni watatu, Neema akilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Kiambatisho cha tatu kwa Kiingereza kina aya kumi na saba. Chako kina kumi na sita. Aya ya kumi na tatu inafuatwa na ya kumi na tano, ila wewe umeiita ya kumi na nne, na ukaendelea kuhesabu hivyo hadi mwisho.

Neema aliisoma ile iliyokosekana. Inasema hakuna mwalo wala kituo kingine cha kupakia au kushusha mzigo kitakachoruhusiwa kilomita nane kila upande, kwa miaka yote ishirini na mitano. Na inataja: "ikiwemo mahali panapoitwa Kwa Sekela."

Kwa Sekela, Andendekisye. Kwenye vitabu vya serikali pale ni Mwalo Namba Mbili. Jina la Sekela tunalo sisi tuliooga pale tukiwa watoto. Nani aliwaambia?

Ezra hakusema kitu. Hata neno moja la "nilikuambia." Afadhali angelisema.

Nakuuliza mambo mawili, na ujibu kwa mkono wako. Uliisahau aya, au uliiacha? Na ulikuwa na kampuni hiyo tangu lini?

Tulinagwe


Dodoma
30 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Mama mdogo ameumia? Hukusema. Mwambie vyungu nitavilipa vyote.

Nitakujibu, lakini nakuomba kwa jina la mama yetu usisome barua hii mbele ya watu. Ni ya kwako peke yako. Ukimaliza, ichome.

Niko na Gati Njema tangu Januari ile, miezi miwili kabla hujaniandikia. Wazo la kuileta gati Mwaya ni mimi niliyewapa. Walikuwa wanatafuta mahali ziwani, nikasema kwetu kuna mpunga, kuna kokoa, kuna watu wanaovuka Karonga. Nilijivuna, dada. Nilijiona nimewaleteeni kitu.

Aya ile sikuisahau. Niliiandika mimi, kwa Kiingereza, kabla ya kuiacha kwa Kiswahili. Wenye mtaji walisema hawajengi kama boti zitaendelea kutia pembeni bure. Hakuna anayekubali kujenga gati ishindane na mchanga. Wakaniuliza sehemu zinazotumika zinaitwaje, nikazitaja.

Kuhusu kuwaharakisha mwaka jana: faili lilitakiwa liwe na ridhaa ya kijiji siku sheria mpya itakapoanza, ili wazo lao liwe la kwanza mezani. Hilo halikuvunja sheria. Sheria yenyewe si mbaya, imeleta miradi sehemu nyingi. Kilichonishinda ni mimi kuwasomea ninyi aya hiyo. Mngekataa. Ezra angesimama, watu wangemfuata, na gati isingekuja kabisa. Leo ghala lipo. Je, mpunga wa mwaka huu umelowa? Niambie ukweli wewe nawe.

Nilidhani baada ya miaka miwili mitatu watu watazoea, na mwalo utasahaulika.

Najua mtaitisha mkutano. Ukisimama na kusema niliiacha makusudi, nitafutwa kwenye orodha ya mawakili. Veronika hajui lolote. Sema ilikuwa bahati mbaya ya uchapaji. Mtu yeyote anaweza kuruka aya. Mimi nitashughulikia mwalo kimyakimya kutoka huku ndani, nipe muda.

Uliniambia nikiwa darasa la saba kwamba hutaniacha peke yangu. Nakukumbusha hilo tu.

Andendekisye


Mwaya
14 Julai 2024

Andendekisye,

Mama mdogo alikwaruzika mguu, anaendelea vizuri. Malipo yako ya vyungu hakuyataka.

Umeniuliza kuhusu mpunga, nami nitakujibu ukweli: haukulowa. Ghala ni zuri. Watu wanalipenda, na mimi nimehifadhi humo magunia tisa. Ndiyo maana inauma. Ungetusomea aya ile, tungebishana siku tatu, Ezra angepiga meza, na mwisho tungesema: jengeni, lakini mitumbwi iachwe. Hukutupa nafasi ya kuwa watu wazima. Ulituona wajinga, ukaanzia kwangu mimi.

Mkutano ulikuwa Alhamisi. Barua yako sikuisoma mbele ya watu. Nilisali, nikaenda nayo kwenye mkoba, nikarudi nayo. Lakini uongo wa uchapaji sikuusema. Nilisimama pale pale niliposimama mwaka jana, nikamwomba Neema asome aya ya kumi na nne, halafu nikasema: "Haikuwemo kwenye karatasi niliyowasomea. Aliyeiacha ni mdogo wangu. Aliyewanyamazisha mlipotaka kuuliza ni mimi. Ezra, nisamehe." Nikaweka faili mezani na kujiuzulu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Hezroni alitoka nje, maana boti yake imekaa mwezi mzima. Mama mmoja wa kwaya, tuliyeimba naye miaka ishirini, alinipita bila salamu. Ezra akachaguliwa kwa kauli moja. Akasema, "Nitakubali, ila Mwalimu abaki kamati, maana yeye ndiye anayejua kuandika." Sijui kama huo ndio msamaha. Nimekubali.

Malalamiko tuliyatuma tangu Juni. Gati Njema wamejibu kwamba mkataba umesainiwa, ridhaa ilitolewa, na serikali ikiugusa peke yake wao watakwenda kwa wasuluhishi, kama sheria inavyowaruhusu. Wanasema tafsiri ni jambo la kijiji, labda tuliipoteza aya sisi wenyewe. Maofisa wa serikali watakuja mwezi wa tisa kusikiliza pande zote. Tumeshauriwa kwamba kitu kimoja tu kinaweza kufungua mjadala: ushahidi kwamba ridhaa ilipatikana kwa kutuficha.

Kwa hiyo nataka hati ya kiapo kutoka kwako. Ukurasa mmoja. Kwamba uliiacha aya kwa makusudi na kwamba ulikuwa mtu wa kampuni. Ilete kabla ya mwisho wa Agosti. Ukiileta mwenyewe, nitakupokea stendi na nitasimama karibu nawe mbele ya watu wote, hata wakikutemea mate. Ahadi ya darasa la saba naikumbuka. Naitimiza hivyo, kwa njia nyingine siwezi.

Barua yako sijaichoma.

Tulinagwe


Dodoma
25 Agosti 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo kabisa. Veronika alikuwa na homa, amepona na amerudi kazini. Lusungu amekuwa wa tatu darasani, anapenda sana hesabu, sijui amerithi kwa nani. Huku ni upepo na vumbi, miti yote imepukutika. Tumepanda mchicha nyuma ya nyumba, unakwenda vizuri ukimwagiliwa.

Nimesikia mwaka huu kokoa ina bei nzuri mnadani. Namshukuru Mungu. Mwambie mama mdogo Yunis nampenda. Wasalimie kanisani, wasalimie majirani wote. Mwambie Godwin wa basi asante kwa kubeba bahasha.

Veronika anauliza kama unga wa ndizi bado mnatengeneza.

Nawatakia afya njema.

Andendekisye


Mwaya
6 Oktoba 2024

Andendekisye,

Hatujambo. Joto limeanza, tunasafisha majaruba ya mpunga.

Barua yako ya Agosti niliigeuza nyuma na mbele. Nikaitikisa bahasha. Nikamuuliza Godwin kama kuna bahasha ya pili.

Maofisa walikuja tarehe ishirini na nne, Septemba. Nakueleza ilivyokwisha, maana una haki ya kujua. Gati Njema wamekubali mkataba wa nyongeza. Mitumbwi ya makasia itaruhusiwa kutia Kwa Sekela kama zamani, pamoja na vyungu na samaki. Boti za injini hapana, hizo ni lazima gatini kwa miaka yote iliyobaki. Kwa hiyo mama mdogo amerudi Jumatano iliyopita, akauza. Hezroni amehamisha boti yake kabisa, yeye na watu wake wanne, na mkewe amebaki huku. Tumepata nusu. Ezra anasema nusu ni kitu, lakini anaisema akiangalia chini. Sylvester aliniambia kampuni imekuondoa. Nilisikitika, na sikuficha kusikitika kwangu.

Sasa nikueleze walivyofika kwenye kukubali.

Asubuhi ile Sylvester alirudia kwamba aya ilipotea kijijini. Ofisa mkubwa, mama mmoja mwenye miwani, akatuuliza kama tuna ushahidi wowote kutoka kwa mtafsiri. Ezra akanitazama. Hakujua kilichomo kwenye mkoba wangu, alijua tu kwamba wewe uliniandikia. Nilikusubiri hadi siku ile, Andendekisye. Basi la Mbeya lilipopita saa nne nilinyanyua shingo kuona kama kuna mtu anashuka.

Nikatoa barua ya tarehe thelathini Juni, nikampa yule mama. Akauliza kama inaweza kusomwa kwa sauti, maana pande zote zinatakiwa kusikia. Nikasema ndiyo. Akavaa miwani vizuri, akaanza na shikamoo yako. Akasoma kwamba umeianza mara nne. Akasoma habari za vyungu. Mama mdogo Yunis alikuwa benchi la mbele, akainua kichwa aliposikia jina la mama yetu.

Hapo yule ofisa akafika kwenye maneno unayoniomba nisisome mbele ya watu. Akashusha karatasi, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "niendelee?"

Mama mdogo aligeuka kunitazama, uso wake ulivyo kama wa mama. Nikamwambia yule ofisa:

"Endelea."

Tulinagwe